Siku Mtani Wetu Alipotoa Shikamoo

"Nataka kukuoa."

"Kaa chini wewe, utatuangusha!"

"Nimekaa. Mwahija, nataka kukuoa."

Tulikuwa juu kabisa, juu ya mapaa yote ya Mwadui, mimi na Ngassa, ndani ya kisanduku cha bati chenye benchi la watu wawili. Winchi, lile gurudumu la kupandisha watu, ilikuwa imekwama. Injini ilikohoa huko chini, ikazima, tukabaki tunaning'inia huku upepo wa kipupwe unatupuliza vumbi machoni. Ngassa alikuwa fundi mitambo, na winchi hiyo yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa walioiunda, kwa hiyo alipaswa kuwa na wasiwasi kuliko sisi wote. Hakuwa nao. Alikuwa ananitazama mimi.

Kwenye kisanduku cha chini yetu alikaa baba yangu, fundi Akida, futi yake ya ushonaji ikiwa shingoni. Hata likizo hakuivua.

"Wewe Msukuma!" baba akapaza sauti. "Unasemaje na mtoto wangu huko juu?"

"Namwambia namuoa!"

"Kwa mali gani? Kwa robota la pamba?"

"Kwa ng'ombe, Mzaramo! Wewe ndiye uliyeoa kwa nazi!"

Visanduku vyote vikaangua kicheko. Watoto waliokuwa kwenye farasi wa mbao wakasimama kutazama juu. Na mimi, niliyelelewa na maneno hayo, nikamjibu kama nilivyozoea.

"Niolewe na Msukuma mimi? Nani atasonga ugali wa kulijaza tumbo hilo? Nenda kaoe ng'ombe wako, wanakungoja!"

"Hapo sasa!" baba akapiga kofi bati la kisanduku. "Huyo ndiye mwanangu, nimezaa!"

Ngassa akaacha kunitazama, akaanza kuchungulia injini huko chini. Injini ikashika, kisanduku kikayumba, tukaanza kushuka.

Sasa nyie mnaosoma hadithi za mapenzi kwenye simu, msianze kunisonya. Na nyie mngekuwa mimi mngecheka. Ngojeni niwaambie kwa nini.

Sisi ni Wazaramo wa Shinyanga mjini. Babu alikuja na reli, akaota mizizi, akazikwa huku huku. Ngassa ni Msukuma. Na Mzaramo na Msukuma ni watani, utani mzito wa tangu enzi za misafara. Mtani hakupi shikamoo. Mtani anakuita mtumwa wake, anakuvua kofia mbele za watu, anaingia jikoni kwako na kufunua sufuria, na ukinuna wewe ndiye mjinga.

Jina halisi la kijana huyu lilikuwa Salehe. Kwetu aliitwa Ngassa, jina la marehemu baba yake, rafiki wa baba yangu wa kufa na kuzikana. Na walizikana kweli. Siku ya msiba wa mzee Ngassa, baba alijilaza kizingitini, jeneza halina pa kupita. "Huyu ni mtumwa wangu!" alipiga kelele. "Hatoki humu mpaka nilipwe kuku!" Watu wakacheka huku wanalia. Akaletewa jogoo mwekundu, akamkumbatia, akainuka, jeneza likatoka. Nilimkuta baadaye nyuma ya nyumba amemkumbatia jogoo yule yule, machozi yanamdondokea kwenye manyoya. Tangu siku hiyo utani wote wa mzee Ngassa akauhamishia kwa mwanawe.

Huyo mwanawe aliniita "mke wangu" tangu sina meno ya mbele. Aliniposa kwa fimbo ya kuchungia, kwa kobe, kwa muwa uliokwisha tafunwa. Sasa siku ile kwenye winchi, tena baba anasikia, ningejuaje kwamba safari hii ni kweli?

Na hapo ndipo paliponiuma, maana mimi nilikuwa nampenda. Nilimpenda vibaya sana.

Tena sikuwa na muda. Mwezi Juni alikuja mshenga wa Fikirini, karani wa ushirika kule Kahama. Kijana mpole, mswalihina, ana baiskeli yenye taa. Baba akamwambia mshenga, "Tukirudi kutoka likizo ya Sabasaba nitakupa jibu." Kisha akaniita chumbani.

"Mwanangu, Fikirini hana kasoro. Lakini sitaki kukulazimisha. Kuna mwingine?"

Ningemtaja nani? Ningesema "mtani wetu," baba angecheka mpaka akajishika mbavu.

"Hakuna, baba."

Ndiyo nikaenda Mwadui nikiwa nimebeba hilo moyoni. Likizo nzima nilikuwa naomba Mungu Ngassa aniambie neno moja la kweli.

Likizo yenyewe, jamani, mwaka sabini na moja! Nyie siku hizi mnawapeleka watoto kwenye mabwawa yenye mitelezo ya plastiki, mnapiga picha, mnarudi mmenuna. Enzi zetu nani alikwenda likizo? Ukiona familia imepanda basi na masanduku, ujue kuna msiba au kuna mtu kajifungua. Sisi tulikwenda kustarehe tu. Ngassa alituombea kibali cha kuingia, maana mji ule wa almasi ulikuwa na lango na askari, huingii kama unaingia sokoni. Tukafikia kwa mama yake, mjane mmoja mcheshi, mwembamba, wa watu wa Ushirombo. Alitupokea na karanga za kuchemsha na "wabeja, wabeja" nyingi, yaani asante, kama sisi ndio tuliomfanyia hisani.

Asubuhi baridi ilikuwa kali, tunakunywa uji wa mtama tumejifunika mashuka mabegani. Jua likipanda tunakwenda kwenye viwanja vya klabu. Wiki ya Sabasaba mafundi walipafanya pakawa peponi. Winchi ya zamani ya kupandishia mawe waliigeuza gurudumu kubwa la kupandisha watu, ndiyo maana watoto waliliita winchi. Kulikuwa na farasi wa mbao wanaozunguka, kitoroli cha reli kinachokokota watoto kwa kengele, na barafu za rangi zinazokuachia ulimi mwekundu. Na bwawa la kuogelea! Mama yangu, Mwanne binti Salum, aliyekuwa haruki hata dimbwi, alikaa ukingoni, akapandisha khanga kidogo, akatumbukiza miguu, akafumba macho. "Akida," alisema, "nikifa nirudishe hapa." Bado nanusa maji yale.

Basi baada ya winchi kushuka, Ngassa aliondoka kwenda kwenye injini, na mchana kutwa hakurudi. Kesho yake nilimkuta kando ya bwawa ana kopo la grisi.

"Ngassa, leo huniiti mke wako?"

"Nina kazi."

"Kazi! Msukuma na kazi wapi na wapi? Si ulisema unanioa?"

"Nilisema."

"Basi leta ng'ombe tuwaone, au wamekufa kwa ukame?"

Akaniangalia. Lile jicho ningekuwa nimelielewa, ningekaa kimya. Mimi nikazidi kucheka, maana niliona ameniposa kwa mchezo wakati mwenzie nina posa ya kweli shingoni, na hasira yangu ikatoka kwa mlango wa kicheko.

"Uchague kitambaa kizuri cha arusi, Mwahija," akasema. "Nimesikia habari za Kahama."

Akaenda zake.

Siku ya kuondoka alitusindikiza mpaka langoni. Pale lazima mpekuliwe, wanaume upande wao, wanawake wao, ni utaratibu wa mji wa almasi. Baba alipomaliza kupekuliwa akawageukia askari.

"Jamani, mpekueni na huyu Msukuma! Tazameni vizuri mifukoni, asije akabaki na binti yangu!"

Askari wakacheka. Sote tukamgeukia Ngassa tusubiri jibu lake, maana jibu la Ngassa lilikuwa halikosi.

Alimpa mama kikapu cha karanga, akainamisha kichwa, akasema, "Safari njema."

Basi lilipoipita njia ya Maganzo baba akamgeukia mama.

"Mama Mwahija, yule mtoto nimemkosea nini?"

"Sijui," mama akasema. Lakini alikuwa ananiangalia mimi.

Nyumbani Shinyanga maisha yakarudi. Baba akarudi barazani kwenye duka la tajiri wake, mbele ya cherehani. Mimi nikarudi jikoni. Mama alinikuta nimeinamia chungu cha maharage.

"Kitunguu hicho?"

"Ndiyo, mama."

"Kitunguu kipo kwenye kapu, hakijamenywa. Mwanangu, unalia nini?"

Nikamwambia. Nikamwambia yote, ya winchi, ya bwawa, ya moyo wangu.

"Ala!" mama akakaa chini puu. "Yaani mtoto wa watu kakuposa na wewe ukampeleka kwa ng'ombe?"

"Nilidhani ni utani!"

"Na yeye kadhani umemkataa. Masikini ya Mungu, mmekutana majuha wawili."

"Nifanye nini, mama? Ijumaa baba anatoa jibu kwa watu wa Kahama."

"Mwanamke hajipeleki posa. Ngoja."

Ngoja! Kungoja ni kazi kuliko kulima. Nilingoja mpaka Jumanne asubuhi, nilipompelekea baba chai ya barazani. Ndani ya duka simu ikalia, na tajiri akatoa kichwa nje.

"Mwahija! Simu yako! Kutoka Mwadui!"

Nikaingia mbio. Dukani kulikuwa na wateja, mmoja anapimiwa mafuta ya taa, wengine wanachagua khanga. Nikashika mkono wa simu kwa mikono miwili.

"Halo?"

"Halo. Habari za asubuhi, dada Mwahija?"

"Nzuri. Nani mwenzangu?"

"Salehe."

"Salehe yupi?"

"Salehe wa Mwadui. Mtoto wa mzee Ngassa."

Nikashika kaunta. "Ngassa? Unaumwa?"

"Siumwi. Wazee hawajambo?"

"Ngassa, unanitisha. Nitukane hata kidogo basi!"

"Sikutukani tena."

Nikasikia anavuta pumzi kule kwao, na mitambo inanguruma nyuma yake.

"Mama kanikalisha chini," akasema. "Kaniambia, maneno uliyomwambia binti wa watu ni yale yale uliyomwambia akiwa hana meno, tena baba yake anasikiliza na dunia nzima inacheka. Ulitaka akujibuje? Kaniambia mjinga ni mimi."

"Mama yako ana akili sana."

"Najua. Kwa hiyo nauliza upya. Kule juu, ulinijibu kweli au ulinijibu kiutani?"

"Kiutani."

"Na kweli yenyewe?"

Cherehani ya baba barazani ilikuwa inakwenda tatatata. Wateja walikuwa wameacha kuchagua. Mafuta ya taa yalikuwa yanamwagika na tajiri hana habari.

"Kweli yenyewe nakupenda," nikasema. "Nakupenda tangu zamani. Na Ijumaa baba anawajibu watu wa Kahama. Kama unakuja, uje sasa."

"Nakuja Alhamisi na mjomba Telesphori."

"Salehe."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwita hivyo.

"Naam."

"Usimtanie baba. Atakuchokoza, unamjua. Ukimjibu mara moja tu ataona mchezo, na hapo tumekwisha."

"Sitamjibu."

"Atakuchokoza vibaya."

"Nitauma ulimi."

Alhamisi alasiri wakafika. Mjomba Telesphori alikuwa Mkatoliki wa Ushirombo, mzee wa koti zito na rozari mfukoni, na ulimi wenye heshima. Salehe alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Mimi nilikuwa mlangoni, nimejificha nyuma ya pazia, mkono mdomoni.

Baba alikuwa ametoka kazini, amekaa barazani kwetu anavua viatu. Alipomwona, uso ukafunguka wote.

"Haa! Mtumwa wangu kaja! Ng'ombe umewafunga wapi leo?"

Salehe akavua kofia. Akapiga goti moja chini.

"Shikamoo, baba."

Baba akabaki na kiatu mkononi.

"Unasemaje?"

"Nimesema shikamoo, baba."

Kiatu kikaanguka. Baba akasimama, uso umemshuka.

"Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Mama yako?"

"Mzima, anawasalimu."

"Basi nini? Hata kwenye maziko ya baba yako hukunipa shikamoo! Mama Mwahija! Njoo upesi! Mtoto huyu malaria imempanda kichwani!"

Mama akatoka, akajifuta mikono kwenye khanga. Yeye alijua, lakini alinyamaza. Baba akamzunguka Salehe kama anapima nguo.

"Wewe Msukuma. Pamba zenu mwaka huu zimeota au zimelala kama nyie?"

Salehe kimya, macho chini.

"Nimesikia ng'ombe wenu wanasoma kuwazidi nyie. Kweli?"

Salehe akazidi kuikunja kofia mkononi.

"Mtoto wa mzee Ngassa! Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa mbaya wa sura mpaka mvua ilikuwa ikimwona inarudi!"

Yarabi, hilo lilikuwa jepesi kulijibu! Mimi mwenyewe nilikuwa na majibu yake. Salehe akauma mdomo, jasho likamtoka, mabega yakaanza kumtikisika, sijui kwa kicheko au kwa kilio.

"Baba," akasema, "naomba umsikilize mjomba wangu."

Mjomba Telesphori akakohoa. "Mzee Akida, tumekuja kwa heshima. Kijana huyu anamwomba binti yako Mwahija. Ameniambia nikuambie neno moja tu: hatanii."

Kuku wa jirani akapita barazani akidonoa.

Baba akakaa chini pole pole. Akaivua ile futi shingoni, akaanza kuizungusha kidoleni, anaikunja, anaikunjua.

"Mwahija!" akaita. "Toka nyuma ya hilo pazia, nakuona miguu."

Nikatoka, aibu imenijaa.

"Nilikuuliza kama kuna mwingine."

"Ndiyo, baba."

"Ukasema hakuna."

"Niliogopa utacheka."

"Ningecheka," baba akasema. "Ningecheka sana." Lakini hakucheka. Akamgeukia Salehe. "Wewe unajua unaniomba nini?"

"Naomba Mwahija, baba."

"Mwahija ninamwona hapo, keshakwenda siku nyingi, amebaki kiwiliwili. Mimi nakuuliza jingine. Mkwe anataniwa?"

Salehe akaiangalia kofia yake.

"Nakuuliza!"

"Hataniwi, baba. Mkwe huheshimiwa."

"Basi. Unaniomba mtoto wangu na unaniomba mtani wangu, wote kwa siku moja." Akaikaza futi vidoleni. "Baba yako alipokufa niliachiwa wewe. Kila nikikutukana, wewe ukijibu, mimi namsikia yeye. Hivi nilikuwa sijamzika yule mtu, nyie hamjui tu. Nikikuoza binti yangu, kesho nikikuita mtumwa wangu nani ataniitikia? Na siku yangu mimi ikifika, nani atajilaza kizingitini?"

Baba yangu alilia. Alilia mbele ya wageni, na futi imemfunga vidole. Salehe naye akalia, amepiga goti pale pale, na mjomba Telesphori akatoa leso akajifanya anapenga kamasi. Mimi nikamwonea huruma baba mpaka nikakaribia kusema basi, niacheni, nitakwenda Kahama.

Mama ndiye aliyesema.

"Akida."

"Naam."

"Marehemu Ngassa angekuwa hapa, angesemaje?"

Baba akafikiri. Akajifuta uso kwa mkono wa kanzu.

"Angesema, 'Mzaramo mchoyo wewe, hata binti unanibania.'"

"Basi umejibiwa."

Baba akacheka na machozi yake. Akamnyooshea Salehe kidole.

"Nakupa. Ila nina sharti. Mpaka sheikh afunge ndoa, wewe bado ni Ngassa. Sitaki kuzisikia hizo shikamoo zako! Nilipe utani wangu wote uliobaki."

Salehe akainua kichwa. Akavuta pumzi ndefu, kama mtu aliyetoka chini ya maji.

"Mzaramo," akasema, "hayo machozi ni ya kweli au ni tui la nazi?"

"Haaa! Huyo! Huyo!" baba akaruka, akamkumbatia, wakaangukiana pale barazani kama watoto.

Watu wa Kahama walijibiwa Ijumaa kwa adabu zote. Fikirini alioa mwaka uliofuata, akatuletea na kadi.

Mpaka arusi ilipofika mwezi Septemba, nyumba yetu haikulala kwa kelele za watu wawili. Baba alimpima Salehe kanzu ya arusi mwenyewe, na kila kipimo kilikuwa na tusi lake. "Mikono mirefu, huyu alizaliwa kwa kuvuna! Shingo hii ni ya fahali! Kitambaa chote cha Shinyanga hakitoshi!" Na Salehe anajibu, "Shona upesi Mzaramo, ngoma zinalia huko, utazikosa!" Jirani mmoja alimuuliza mama kama wale wawili wanagombana. Mama akasema wanaagana.

Siku ya ndoa mimi nilikuwa chumba cha ndani na wanawake, lakini nilichungulia. Baba na Salehe wamekaa kwenye mkeka, magoti yanagusana, sheikh katikati. Kabla sheikh hajaanza, baba akainama sikioni kwa Salehe, akanong'ona. Salehe akanong'ona naye. Wote wawili wakaangua kicheko mpaka kofia zikawadondoka, na sheikh akawakemea, "Jamani, hii ni ibada!"

Walisemezana nini? Sijui mpaka leo. Nimemuuliza mume wangu miaka yote. Ananiambia hayo ni mambo ya Ngassa, yeye ni Salehe.

Kisha baba akamshika mkono, akatamka maneno ya kuniozesha, sauti haikutikisika. Salehe akasema, "Nimekubali." Sheikh akasoma dua. Ilipokwisha, Salehe akaubusu ule mkono.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Vigelegele vikapasua bati. Mimi niliyekuwa naolewa na mtu nimpendaye, nilisikia furaha na kitu kingine kinachouma, nikakosa jina lake.

Maana ilikuwa kweli. Utani ulikwisha. Kila Julai tuliwaita wazazi waje Mwadui kwenye Sabasaba, na kila Julai wale wawili walikaa kwenye benchi moja karibu na winchi, huyu ncha hii na yule ncha ile, wanatazama mbele. "Baridi imezidi mwaka huu, baba." "Imezidi, mwanangu." Basi, yamekwisha. Walipendana sana na hawakuwa na la kusema. Baba akaanza kuzeeka kwa ghafla.

Mwaka sabini na sita binti yetu Mwaisha alikuwa na miaka minne, ana mdomo kama redio. Mimi na mama tulikuwa kwenye foleni ya winchi, wanaume wetu kwenye benchi lao la kimya. Nikamwona Mwaisha amesimama mbele ya babu yake, mikono kiunoni, ulimi mwekundu kwa barafu.

"Wewe Mzaramo!"

Baba akashtuka. Nikataka kutoka kwenye foleni nikamchape, mama akanishika.

"Muache. Babu na mjukuu ni watani."

"Mzaramo!" Mwaisha akarudia kwa nguvu. "Wewe ulioa kwa nazi!"

Baba akamtazama mtoto. Akatazama juu ya kichwa cha mtoto, kule ncha ya pili ya benchi. Salehe alikuwa amekaa kwa heshima zote, mikono magotini, anatazama viatu vyake. Masikio yalikuwa yamemwiva.

"Nani kakufundisha hayo?"

"Siruhusiwi kusema."

Midomo ya baba ikaanza kucheza. "Basi nenda kamwambie huyo usiyeruhusiwa kumsema, nimewaona ng'ombe wake njiani. Wamekonda mpaka wanaegemea miti!"

Mwaisha akakimbia ncha ya pili, akanong'ona. Salehe, macho yake chini vile vile, akamnong'oneza. Mtoto akarudi mbio.

"Eti bora waliokonda wanatembea, kuliko Mzaramo aliyenona amelala!"

Nilikuwa sijakisikia kicheko kile tangu siku ya arusi yangu. Kilitoka tumboni kwa baba kikawageuza watu waliokuwa kwenye bwawa. Futi ilimruka shingoni, na Mwaisha alikwisha kuondoka na ujumbe mwingine.

Tukapanda winchi, mimi na mama. Tulipofika juu kabisa injini ikakohoa, ikazima. Chini yetu benchi lilionekana dogo, wanaume wawili hawatazamani hata kidogo, na katikati yao kitoto kinakimbia huku na huku, huku na huku, kinabeba matusi.

"Msiogope huko juu!" fundi wa zamu akatupigia kelele. "Tunaiwasha sasa hivi!"

"Usiwe na haraka, fundi!" nikamjibu. "Tuache kwanza."